Ng'ombe wa Biringanya

Siku ya kumi na tatu ya Agosti, saa kumi na moja jioni, Mitsue alikuwa amepiga magoti jikoni akimtia ng'ombe miguu. Ng'ombe mwenyewe alikuwa biringanya, na miguu ilikuwa vijiti vya kulia chakula vilivyovunjwa vipande vinne. Mguu wa nyuma wa kushoto uligoma. Aliuchomoa, akauchongoa kwa kisu, akaurudisha, na ng'ombe akasimama juu ya sahani, ameinamisha kichwa ambacho hakuwa nacho.

Binti yake Chigusa, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa ameshamaliza farasi. Farasi ni rahisi, kwa sababu tango lililopinda huzaliwa na shingo yake.

Mambo haya mtoto wa Nerima, pembeni mwa Tokyo, huyajua kabla hajaota magego. Marehemu anaporudi nyumbani kwa sikukuu ya Bon hupanda farasi, ili afike upesi. Siku za sikukuu zikiisha hupanda ng'ombe, ili aondoke polepole. Asiyetengenezewa farasi atachelewa njiani, na asiyetengenezewa ng'ombe hana cha kuondokea. Kwa hiyo nyumba yenye adabu hutengeneza wote wawili, na nyumba isiyo na adabu husemwa mpaka mwaka unaofuata.

Marehemu aliyetarajiwa alikuwa mume wa Mitsue, Nagakubo Teizo, mchora katuni, aliyekufa mwezi wa tatu mwaka huo akiwa na miaka arobaini na minne. Kwa miaka tisa alikuwa akiandika na kuchora, katika gazeti la watoto la kila Jumatano, hadithi ya Gonta, tarishi wa posta aliyebeba barua moja kupitia milima ya theluji. Gonta hakufika. Jumatano hii alikutana na dubu, Jumatano ile daraja lilikatika, Jumatano nyingine akatokea mtu aliyejidai kuwa mjomba wake. Teizo alitaka kumfikisha mwaka wa pili. Lakini kila gazeti lilikuja na kadi, na watoto wa nchi nzima waliandika humo hadithi tatu zilizowafurahisha, wakaipeleka posta. Hadithi iliyoshuka mkiani ilikatwa bila mazishi. Iliyopendwa haikuruhusiwa kuisha. Gonta hakuwahi kushuka chini ya nafasi ya tano, basi akaendelea kutembea, na Teizo naye akaendelea kumtembeza.

Daktari aliandika kwamba ni moyo. Mhariri wake, Bwana Wakasugi, alifika kabla ya daktari, na kwa upole mkubwa akazivuta kurasa nne zilizokuwa chini ya shavu la marehemu. Wa nne ulikuwa na alama ya mate pembeni. Ulichapwa hivyo hivyo, na wasomaji walidhani ni ziwa. Wiki iliyofuata gazeti lilitoa tangazo la herufi ndogo: "Mwalimu Nagakubo anapumzika kwa sababu za kiafya." Katika kazi ile kila mwandishi huitwa Mwalimu, hata asiyejua kufundisha mbwa kukaa. Na tangazo lenyewe, ukilitazama vizuri, halikuwa na uongo.

Mitsue alikuwa na haja moja tu, wala haikuwa kubwa. Alitaka Teizo aketi, ale chakula kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha aende akapumzike. Katika miaka kumi na mitatu ya ndoa hakuwahi kumwona akimaliza bakuli. Alikula kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukichora, na akishakula hakujua alichokula. Kwa hiyo siku hiyo Mitsue alichemsha boga, akaandaa tambi baridi na tangawizi, akatandika mito mitatu ya kukalia. Ilikuwa Bon ya kwanza tangu kifo, akatundika taa nyeupe kama inavyopasa. Akaweka kigae mlangoni, akapanga mabua ya katani, akawasha moto wa kumwita.

Moshi ulipanda vizuri.

Nyumba ya pili kulikuwa na Bi Kameyo, mjane muuza tofu. Yeye alichelewa kuwasha moto, na hata hivyo kijiti cha kiberiti hakijapoa mkononi mumewe alikuwa ameshaingia, na nyuma yake mama mkwe, akiilaumu barabara. Wafu wa huko hawana miguu kuanzia kwenye vifundo, kwa hiyo hawana viatu vya kuvua mlangoni, jambo linaloharakisha salamu. Mama mkwe alianza kuikosoa supu kabla hajaketi.

Kwa Mitsue tambi ziligandana. Aliongeza mabua, akaongeza tena. Bi Kameyo alichungulia juu ya ua.

"Mwenzangu, bado?"

"Bado."

"Farasi umemwelekeza huku? Wengine humwelekeza jikoni, marehemu akaishia kwenye bomba."

Mitsue akasema farasi ameelekea panapotakiwa.

"Basi ana nyumba ndogo," alisema Bi Kameyo. "Mwanamume asiporudi Bon ya kwanza, usitafute mganga. Kuna mlango mwingine umemfungukia."

Kutoka ndani mumewe alimwambia aache mambo ya watu. Alikuwa amemwambia hivyo kwa miaka thelathini, minane kati yake akiwa maiti.

Asubuhi yake Chigusa alikwenda uwanjani kufanya mazoezi ya viungo ya redio, kama watoto wote wakati wa likizo, akagongewa muhuri kwenye kadi yake ya mahudhurio. Alirudi na gazeti la Jumatano alilomnyang'anya mvulana mmoja, akaliweka juu ya meza karibu na ng'ombe.

"Mama, Gonta ametoka pangoni."

Mitsue aliufuta mkono, akafungua. Gonta, aliyeachwa pangoni tangu Machi, alikuwa ametoka kweli, na nje kulikuwa na theluji. Wachoraji wengine huchora theluji kwa kudondosha rangi nyeupe juu ya wino. Teizo aliona huo ni uvivu. Yeye aliiacha karatasi yenyewe iwe theluji, akauzungusha wino pembeni ya kila chembe, chembe moja moja, mpaka bega likafa ganzi. Hakuna mtu mwingine Japani nzima aliyekuwa na ujinga wa aina hiyo. Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na tangazo: "Mwalimu Nagakubo amerejea kazini akiwa na afya njema. Mtumieni barua za kumtia moyo."

Mitsue alilisoma mara mbili, kisha akaelewa alipokosea.

Yeye na Teizo walikuwa watu wa Niigata, na kule Bon ni Agosti, kwa sababu mwezi wa saba mpunga haumpi mtu nafasi hata ya kukaribisha walio hai. Walipohamia Tokyo walikuja na Agosti yao, kama walivyokuja na vyungu vyao. Lakini katikati ya jiji, huko Kanda kwenye makampuni, Bon ni Julai. Haikumpitikia kwamba marehemu wake angeweza kuitwa na mtu mwingine, kwa kalenda nyingine, mwezi mzima kabla. Tarehe kumi na tatu Julai yeye alikuwa anaanika magodoro. Kampuni ilikuwa inawasha moto.

"Si nyumba ndogo," alimwambia Bi Kameyo juu ya ua. "Ni ghorofa."

Alimfunga ng'ombe kwenye kitambaa cha zambarau, akapanda treni hadi Kanda, kwenye kampuni ya gazeti.

Dada wa mapokezi alimpa fomu. Kwenye sehemu ya sababu ya kuja, Mitsue aliandika: kumchukua marehemu. Dada akasoma, akauliza kama ana miadi, akaambiwa hana, akampa beji ya mgeni na kumwelekeza ghorofa ya tatu. Alimwomba tu kwamba mboga isiachwe kwenye lifti.

Ghorofani madawati mengi yalikuwa matupu. Viwanda vya uchapaji hufungwa wiki ile, kwa hiyo kazi yote hutangulizwa, watu huumia Julai ili Agosti waende makwao. Bwana Wakasugi alikuwa amesimama na begi la safari na boksi la keki za maharagwe. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitano, mnene wa mashavu, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Kwa miaka tisa alikuwa amekula kwa Mitsue mara nyingi kuliko Teizo.

"Shemeji! Na joto hili?"

Hakuficha kitu, wala hakuona cha kuficha. Alieleza kwamba moto uliwashwa kwa heshima zote, kasisi wa Kibudha aliitwa, wahariri wote walisimama kando ya barabara na tai nyeusi, na mhariri mkuu mwenyewe ndiye aliyemchonga farasi. Mwalimu alifika saa tatu na dakika tano asubuhi. Alipokuwa hai hakuwahi kuwahi hivyo.

"Na ng'ombe?" aliuliza Mitsue.

"Ng'ombe gani?"

"Wa kurudia."

Wakasugi alijikuna shingo. "Ng'ombe yumo kwenye mpango, Shemeji. Hadithi ikiisha tu, tunamchonga."

"Itaisha lini?"

"Ah, hilo ni la wasomaji. Mimi hapa ni nani?"

Kisha akatazama saa yake, akaomba radhi. Treni ya Yamagata ilikuwa inaondoka saa saba na robo, na baba yake alikuwa amesharudi kwa Bon tangu jana jioni. "Mzee wangu hapendi kungoja," alisema. "Alikufa akiningoja, ndiyo maana." Aliinama mara tatu, begi likimvuta upande, akaondoka kwenda kwa maiti wake.

Teizo alikuwa kwenye dawati lililobanwa kati ya mashine ya kunakili na pipa la miamvuli. Alikuwa amepungua kidogo, lakini nywele zimechanwa. Chini ya dawati, mahali ambapo wengine wote walikuwa na ndara za ofisini, palikuwa patupu. Chai ya shayiri ilikuwa imewekwa mbele yake asubuhi kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo ingemwagwa jioni. Alikuwa anachora theluji.

"Umekuja," alisema, bila kuinua nibu.

Mitsue alimfungua ng'ombe, akamsimamisha juu ya dawati. Teizo alimtazama kwa jicho la fundi.

"Mguu wa nyuma mfupi."

"Atakubeba hivyo hivyo."

Aliuliza Chigusa yuko darasa la ngapi. Mitsue akamwambia la tano. Akauliza si alikuwa la nne. Mitsue akamwambia alikuwa la nne alipokufa, lakini shule haikusimama. Teizo akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei ya samaki imepanda. Kisha akasema amalize sura hii kwanza, zimebaki kurasa sita, na asingependa kumwacha Gonta juu ya ukingo wa mwamba. Akamchora ng'ombe yule pembeni mwa ukurasa, akamsahihisha mguu, na wiki iliyofuata watoto wa nchi nzima wakamwona ng'ombe wa biringanya akipita nyuma ya Gonta mlimani. Wengi waliandika kwenye kadi zao kwamba aletwe tena.

Biringanya haikai. Siku ya tatu huanza kukunjamana, ya tano humwaga maji, na miguu hulegea. Hakuna marehemu anayejiheshimu atakayepanda ng'ombe wa hivyo. Kwa hiyo Mitsue akawa anapeleka mpya kila Jumatatu, na kila Jumatatu zilikuwa zimebaki kurasa sita. Muuza mboga wa karibu na kituo alianza kumuuliza, "Mama, biringanya hizi mnakula au mnafuga?" Mitsue alijibu kwamba anafuga. Muuza mboga akamchagulia zenye mgongo mpana.

Ilipofika Oktoba, biringanya zilikuwa ndogo na ngumu, na haikuwa siri kwamba baada ya wiki mbili hazitapatikana. Ni Chigusa aliyesema, wakiwa wanakula, kwamba tatizo si mboga.

"Baba hatoki kwa sababu Gonta hajafika. Mfikishe Gonta."

"Nitamfikisha mimi? Najua kuchora?"

Chigusa alikwenda kwenye sanduku lake la vifaa vya shule, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara mbili. Ilikuwa nyuma ya kalenda ya muuza mafuta ya taa. Alipokuwa na miaka sita alishikwa na surua, akamsumbua baba yake usiku kucha kwa swali moja, Gonta anafika au hafiki, mpaka Teizo akachoka, akageuza kalenda, akamchorea mwisho. Alimwambia autunze. Siku wenye gazeti wakiuuliza, wao wawili watautoa.

Ulikuwa ukurasa mmoja. Gonta anagonga mlango. Anafungua bibi kizee, anapokea barua, anaigeuza geuza. Hajui kusoma. Anamwomba tarishi aingie amsomee. Gonta anasita, kwa sababu matarishi hawaruhusiwi kuingia ndani. Katika picha ya mwisho hakuna mtu. Kuna viatu tu, mlangoni, vimejaa theluji, vimeelekezwa nje kama afanyavyo mgeni mwenye adabu.

Mitsue aliitazama ile picha ya mwisho muda mrefu. Kisha akaosha vyombo.

Siku ya maadhimisho ya shule, Chigusa alipokuwa hana masomo, walikwenda Kanda wote wawili. Dada wa mapokezi alishamzoea Mitsue. Alishangaa tu kwamba leo hana mboga.

Wakasugi alisoma ukurasa ule akiwa amesimama. Alipofika kwenye viatu aliketi. Machozi yalimtoka kweli kweli, si ya kazini, yakapita kwenye mashavu yake manene na kuingia kwenye kola. Alimwita mhariri mkuu. Mhariri mkuu akasoma, akavua miwani, akamwita mkuu wa mauzo, mtu ambaye hakulia kwenye mazishi ya mama yake. Wote watatu wakasimama wakipokezana leso moja. Mhariri mkuu aliinamia karatasi ile mpaka kiunoni.

"Shemeji," alisema Wakasugi sauti iliporudi, "miaka kumi na miwili ya kazi hii sijaona mwisho kama huu."

"Basi uchapeni."

"Hee. Kitu kama hiki unakichapa tu?" Akamtazama kama mtu aliyependekeza kukaanga kasa wa mwenzake. Alieleza kwamba hadithi ilikuwa imepanda nafasi ya pili tangu Mwalimu aliporudi, na wiki ile ya ng'ombe ilishika ya kwanza. Mwisho kama ule ni hazina, na hazina haitumiwi wakati nyumba ina chakula. Utangojea siku yake. Mhariri mkuu mwenyewe aliuingiza kwenye bahasha, bahasha akaiingiza kwenye sefu, na mkuu wa mauzo akapangusa mpini wa sefu kwa ile leso.

Mitsue alimwambia Chigusa amwendee baba yake. Waliokufa huwasikiliza watoto zaidi, au ndivyo husemwa na wasio na watoto.

Teizo alikuwa anachora theluji. Chigusa alisimama mbele ya dawati, mikono imekaza kwenye mishipi ya mkoba.

"Baba, ule ukurasa wangu wameufungia kwenye sefu."

"Nimesikia."

"Si uliniambia, wakiuliza tutautoa?"

"Hawajauliza," alisema Teizo. "Mmewaletea."

Chigusa alikwenda kusimama karibu na pipa la miamvuli, akawa anaihesabu.

Mitsue aliketi kwenye kiti cha mgeni. Alikuwa hajawahi kumlaumu Teizo kwa jambo lolote, kwa sababu mtu asiyekuwepo huwezi kumlaumu usoni, na mume wake, ukijumlisha, alikuwa hajawahi kuwepo. Sasa alimwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna chakula nyumbani. Kwamba asimame tu. Awaambie hawa wanaume kwamba amechoka, na kwamba amekufa, maana huenda hawajaambiwa na mwenyewe. Biringanya zimebaki za wiki moja. Yeye atamletea ng'ombe, aketi nyumbani ale mara moja, kisha aende zake.

Teizo aliweka nibu chini. Hilo tu lilikuwa jambo kubwa. Uso wake ulikuwa na haya, haya ya mvulana aliyepata zawadi shuleni na hajui aionyeshe vipi.

"Miaka tisa, Mitsue," alisema. "Sikuwahi kushika namba moja, mpaka sasa."

Akaokota nibu.

Walirudi nyumbani kwa treni ya saa kumi. Chigusa alilala begani mwa mama yake, au alifumba macho.

Mwezi wa Novemba vijana waliokuwa wakimsaidia Teizo kazi za mkono waliacha kazi wote siku moja. Hawakuwa na kinyongo naye kwa sababu ya kifo. Shida ni kwamba Mwalimu hakuwa na mapumziko ya chakula cha mchana, na bosi asipokula mdogo anakulaje? Wakasugi alipiga simu Nerima. Alieleza kwamba kuna jambo dogo la kiufundi. Mchoro huanza kwa penseli, kisha wino, kisha penseli hufutwa. Mkono wa marehemu una ubaridi wa unyevunyevu, raba ikipita karatasi inachafuka. Unatakiwa mkono wenye joto. Watu wa nje hawaaminiki. Lakini Shemeji, ambaye tayari amezoea kuja kila Jumatatu, ambaye anazijua theluji za Mwalimu kuliko mtu yeyote, je?

Mitsue alisema atafikiri. Alifikiri wakati simu iko bado sikioni.

Mwanzoni alikuwa akirudi saa kumi na mbili jioni, apike. Halafu saa mbili, halafu siku nyingine hakurudi. Wakasugi alimtengea ndara, akampa beji isiyoandikwa mgeni. Dawati lake lilikuwa ubavuni mwa Teizo, na siku nyingine, akisogeza ukurasa, mkono wake wa joto ulikutana na ule wa baridi, na hakuna aliyeuondoa upesi. Katika ndoa yao haya yalikuwa maongezi marefu kuliko yote. Mchana alifungua kisanduku cha chakula chake. Alikula kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na raba.

Aligundua hilo mwezi wa pili, akasita, vijiti vikiwa njiani. Kisha akaendelea, kurasa zilikuwa sita.

Masika Chigusa aliingia darasa la sita. Alijifunza kupika wali usioungua, na supu ambayo Bi Kameyo alisema ingemnyamazisha hata mama mkwe wake. Mama alipiga simu kila siku saa moja jioni kuuliza kama amekula. Chigusa alimwambia amekula. Gonta alivuka mto, akapotea kwenye ukungu, akakutana na yule mjomba wa uongo kwa mara ya pili. Nafasi ya kwanza wiki kumi na nne mfululizo. Julai kampuni haikuwasha moto wa Teizo, kwa kuwa hakuna aliyeondoka wa kuitwa tena, lakini iliwasha mingine mitatu kando ya barabara, ya waandishi wawili waliofariki Februari na mmoja wa Mei, na mhariri mkuu akachonga farasi watatu.

Tarehe kumi na tatu Agosti, jioni, Chigusa aliweka kigae mlangoni. Bi Kameyo alikuwa upande wa pili wa ua akipepea mabua yake. Alitazama, akaona farasi wawili.

"Wa pili wa nani, mwanangu?"

"Mmoja wa Baba. Mmoja wa Mama."

"We mtoto. Mama yako mzima."

"Najua," alisema Chigusa. "Jana kanipigia simu."

Bi Kameyo akaurushia moto wa Chigusa mabua yake mawili juu ya ua.

Mume wa Bi Kameyo alifika wa kwanza, peke yake safari hii, mama yake akiwa nyuma anazozana na mtu. Alipita mbele ya lango la Chigusa, akasimama. Alikuwa mtu mpole.

"Nimepitia njia ya Kanda," alimwambia. "Nimewaona kupitia dirishani. Wamesema usiwangoje, wana kazi ya kutanguliza."

"Wamesema wote wawili?"

"Mama yako ndiye aliyesema. Baba yako alikuwa anachora."

Chigusa akamshukuru, akamwinamia kama alivyofunzwa. Aliungoja moto ukafa wenyewe, kwa sababu haupulizwi. Kisha akawaingiza farasi ndani, akang'oa vijiti vinane, akavisafisha, akawakata vipande vyembamba, akawatia chumvi, akala na wali wake mpaka bakuli likaisha. Wa Mama alikuwa mtamu. Wa Baba alikuwa mchungu kidogo upande wa kikonyo, kama matango mengi yalivyo mwisho wa kiangazi, na alimla huyo pia.